Ukimya wa Mwari Si Idhini



Juma hili tunawaandikia kutoka Nakuru. Huenda walioko Mombasa, Malindi na Lamu wakauliza ya Nakuru yanawahusu nini watu wa Pwani. Yanawahusu sana. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika Nakuru mwaka 1900, ilifuatana na watu wetu: wapagazi, mafundi, wapishi, wachuuzi na walimu wa chuo. Mtaa wa Bondeni ungali una nyumba ambazo bibi zao walizaliwa Mji wa Kale, na hadi leo posa huenda na kurudi baina ya bara na pwani. Harusi ikifungwa hapa siku ya Ijumaa, wengi wa waalikwa huwa wameshuka basi la Mombasa alfajiri yake. Kwa hivyo aibu ya hapa ni aibu ya huko, na heri ya hapa ni heri ya huko.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban, msimu wa harusi kama mjuavyo, kila mtu akikimbilia kumaliza shughuli kabla ya Ramadhani. Tulikuwa tunasomesha darasa la kina mama baada ya sala ya Alasiri, na somo la siku ile lilikuwa nguzo za nikahi. Tulikuwa tumeshafunga kitabu mama mmoja aliyekaa karibu na mlango alipoinua mkono. "Shekhe, naomba kuuliza," akasema. "Binti akiulizwa akanyamaza, ni lazima tuseme amekubali? Hata akiwa yuko gredi ya nane?"

Tulimjibu kama tulivyosoma, kwamba bikira huombwa idhini na kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Mama yule akasema, "Ahsante, Shekhe," akajifunga buibui lake vizuri, akaondoka. Tulipofika nyumbani ndipo tulipotambua kwamba hatukumjibu. Tulimsomea tu.

Usingizi haukuja usiku ule, na sababu yake hatujapata kuiandika popote. Yapata miaka 28 iliyopita, tulipokuwa tungali katika ujana na ndiyo kwanza tumeletwa Nakuru kusomesha, tuliitwa kufungisha nikahi katika mji mdogo, mwendo wa saa moja hivi kwa matatu. Jina la mji hatutalitaja, kwani mwenye kisa yu hai. Baba wa binti alikuwa ameshafariki, na walii alikuwa ami yake. Tuliuliza umri, tukaambiwa, "Keshavunja ungo, Shekhe, ni mtu mzima." Tukaomba aulizwe. Mwanamke mmoja aliingia nyuma ya pazia, akakaa kidogo, akatoka akasema, "Kanyamaza." Mara vigelegele vikapigwa. Tukasoma khutba, bwana harusi akakubali, halwa na kahawa zikapita, nasi tukapewa bahasha yetu. Tulirudi mjini na gari la mwisho tukiwa tumeridhika na kazi yetu.

Binti yule alikuwa na miaka 14. Hilo tulilijua mwaka uliofuata, mama yake alipokuja msikitini kuuliza juu ya talaka. Mtoto alikuwa ameshikwa na uchungu siku mbili nyumbani kabla ya kupelekwa hospitali, kichanga kikatoka kimeshakufa, naye akabaki na jeraha lililomfanya ashindwe kuuzuia mkojo. Mumewe alimvumilia miezi mitatu, kisha akamrudisha kwao na talaka iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari. Tulipokwenda kumwona hakutulaumu. Alitusalimia kwa adabu, "Shikamoo, Shekhe," kisha akanyamaza. Ukimya ule ulikuwa uleule wa nyuma ya pazia, na safari hii tuliuelewa.

Tumeileza habari hii kwa sababu makala nyingi juu ya ndoa za watoto huandikwa kana kwamba makosa ni ya wengine: wazazi wasiosoma, wafugaji wa mbali, wazee wenye tamaa ya mali. Wazazi wana lao, na wafugaji wana lao. Lakini katika jamii yetu ya Kiislamu ndoa haifungwi na upepo. Pana mtu anayeketi juu ya mkeka na kuisoma. Mtu yule ni sisi.

Basi na tuanze na dini yetu wenyewe, kwani mara nyingi kinachotajwa kuwa ni sheria ni nusu ya sheria. Watu wa Pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii. Katika madhehebu haya baba, au babu mzaa baba ikiwa baba hayupo, ana haki ya kumwoza binti yake bikira hata bila ya kumwuliza. Hiyo ndiyo nusu inayojulikana kwenye kila baraza. Nusu ya pili ni masharti: kusiwe na uadui ulio wazi baina ya baba na binti, mume awe kufu yake, awe ana uwezo wa kulipa mahari, na mahari yenyewe yasipungue yale ya wanawake walio mfano wake. Na juu ya hayo, Imamu Nawawi katika sharhe yake ya Sahihi Muslim amemnukuu Imamu Shafii na wanafunzi wake kwamba lililo bora ni baba asimwoze bikira mpaka abaleghe na amtake idhini, ili asije akamtia katika kifungo cha mume asiyempenda. Tunaomba msomaji aitulie sentensi hiyo. Imamu aliyempa baba haki ile ndiye aliyemshauri asiitumie.

Ama ami, kaka, mjomba na baba wa kambo, hao hawana haki hiyo kabisa. Katika madhehebu yetu, yatima ambaye hajabaleghe haozwi na ami yake kwa hali yoyote, na akisha kubaleghe haozwi ila kwa idhini yake. Wako wanavyuoni wetu waliosema kwamba anapooza asiyekuwa baba wala babu, ukimya hautoshi, ni lazima binti atamke kwa ulimi wake. Haya yote tulikuwa tumeyasoma na tumeyafanyia mtihani kabla ya siku ile ya bahasha. Siku yenyewe hatukuyakumbuka, maana pilau ilikuwa inanukia na wageni walikuwa wamekwisha kaa.

Na huo ukimya wenyewe ni ukimya gani? Hadithi inayotajwa ina sababu yake. Bi. Aisha (R.A.) alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba bikira huona haya kusema, ndipo akajibiwa kuwa kunyamaza kwake ni idhini. Maana yake ni kwamba ukimya umekubaliwa kwa ajili ya binti anayetaka lakini haya imemzuia kutamka. Haukuwekwa ili kumfunga mdomo asiyetaka. Mafakihi walilijua hilo, ndiyo maana wakaandika kwamba akilia kwa ukelele au akijipiga mashavu, hapo hakuna idhini. Walijua kuwa kuna ukimya wa haya na kuna ukimya wa hofu. Mtoto wa miaka 13 au 14, aliyekalishwa nyuma ya pazia baina ya shangazi wanne, huku mkaja wa mama na kilemba cha baba vimeshatolewa, atasema nini? Na Khansa binti Khidam, aliyeozwa na baba yake ilhali hakutaka, alipokwenda kwa Mtume (S.A.W.) ndoa ile ilivunjwa. Alikuwa mwanamke mkubwa aliyewahi kuolewa, na alijua njia ya kwenda kulalamika. Mwari wa leo anaijua njia hiyo?

Wako watakaotuuliza, je, na Mama wa Waumini Bi. Aisha? Hili ndilo swali la kwanza kila tunaposema neno, na hatutaki kulikwepa. Tunajibu kwa mambo mawili. Kwanza, hata katika riwaya zile ambazo watu huzitegemea, siku ya kufungwa nikahi haikuwa siku ya kwenda nyumbani kwa mume. Palipita miaka baina yake. Maimamu wakachukua hapo kwamba mke hakabidhiwi mume mpaka awe anayaweza mambo ya ndoa, na wala hawakuweka umri mmoja kwa wote, kwani waliona maumbile yanatofautiana. Pili, jambo lililoruhusiwa si jambo lililoamrishwa. Hakuna fakihi aliyesema kumwoza mtoto ni sunna ya kutafutiwa thawabu. Na mwenye mamlaka anaweza kulizuia lililo halali ikiwa madhara yake yamedhihiri, kwani kuondoa madhara ni msingi katika dini.

Jambo hilo si geni kwa Waislamu. Dola ya Uthmaniya ilipotunga sheria yake ya familia mwaka 1917, iliweka umri wa kuoana kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 17 kwa mwanamke, ikakataza kabisa kuozwa watoto wadogo, na ikategemea kauli ya Ibn Shubruma, mwanachuoni wa zama za mwanzo aliyepinga jambo hilo. Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, iliweka miaka 18 katika sheria yake ya mwaka 1997, na aliye chini ya hapo haozwi ila kadhi aridhike kwamba pana maslaha. Morocco ilifuata mwaka 2004. Misri mwaka 2008 ikakataza kusajiliwa ndoa ya aliye chini ya umri huo. Nao Al-Azhar, kupitia naibu wa Imamu wake Mkuu, walilisema waziwazi mbele ya mkutano wa Afrika uliofanyika Dakar mwezi Juni 2019. Basi asituambie mtu kwamba miaka 18 ni maneno ya wazungu.

Kisha kuna Qur'ani, katika Suratu n-Nisaa aya ya 6, inayoamrisha mayatima wajaribiwe hata wafikie umri wa kuoa, na wapewe mali yao ikiwa wameonekana kuwa na rushdi, yaani ukomavu wa akili. Angalieni kwamba umri peke yake haukutosha hata katika kukabidhiwa mbuzi na mashamba. Itakuwaje kuvunja ungo peke yake kutoshe katika kukabidhiwa nyumba, mume, mimba na ulezi? Binti tusiyemwamini kwenda sokoni na noti ya shilingi elfu, tunamwamini kwenda labani?

Sheria ya nchi ni nyepesi kuieleza. Katiba ya mwaka 2010 imesema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na haki ya kuoana, katika kifungu cha 45, imepewa mtu mzima kwa hiari yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imekataza kuoana chini ya umri huo. Wapo wanaotushikia kifungu cha 49 cha sheria hiyo, kinachosema kwamba yale yanayopingana na sharia ya Kiislamu hayatawahusu Waislamu. Wanasahau kwamba Katiba iko juu ya sheria zote, na kwamba Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza ndoa ya mtoto bila kuuliza dini yake. Wanasahau pia Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Aliyemwingilia mtoto wa miaka 12 hadi 15 hapungukiwi na miaka 20 gerezani, na wa miaka 16 hadi 18 kasoro, miaka 15. Mama anayesema "namsitiri mwanangu" na ajue kwamba anaweza kumpeleka mkwewe jela na kumwacha mjukuu bila baba.

Lakini, ndugu wasomaji, miaka yetu ya kukaa katika bonde hili imetufundisha kwamba mtu haozi mtoto wake kwa kuwa hajui sheria. Anamwoza kwa kuogopa kitu. Ukitaka kuizuia ndoa, itafute ile hofu.

Hofu kubwa kuliko zote mijini, Nakuru kama Mombasa, ni mimba. "Bora aolewe kabla hajaharibika." Neno hili tumelisikia kwa watu wa Bondeni, kwa watu wa Naivasha wanaokwenda mashamba ya maua alfajiri na kurudi magharibi huku mabinti wakishinda peke yao, na kwa wafanyakazi wa mashambani upande wa Njoro na Molo. Hofu hiyo si ya uongo. Utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Kenya wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wameshapata ujauzito, na katika Samburu ni nusu yao. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2021, kila mwalimu alijua darasa lake halitarudi lote. Lakini dawa ya hofu hii si kumkabidhi mtoto kwa mwanamume mzima ambaye naye atampa mimba ileile, isipokuwa sasa tutaiita baraka.

Na ikiwa imeshatokea? Hapa huja lile shauri la haraka: aliyempa mimba amwoe, mambo yaishe. Hayaishi. Ikiwa mtu amemharibu mtoto, kumpa mtoto huyo ndani ya nyumba ni kumtunza kwa kosa lake. Serikali imeweka mwongozo wa msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumkataa. Tumeona binti akirudi darasani mama yake akibaki na kichanga. Majirani walisema, wakasema, wakachoka.

Hofu ya pili ni njaa na karo. Masika na vuli vilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, mifugo iliisha kaskazini mwa Baringo na Samburu, na mahari ya ng'ombe yakawa ndiyo njia pekee ya baadhi ya wazee kupata tena mnyama zizini. Wakati uohuo maziwa ya bonde yalikuwa yakifurika. Ziwa Baringo lilimeza nyumba na shule, na mtaa wa Kihoto kule Naivasha ukawa maji mwaka 2020. Familia iliyopanga chumba kimoja baada ya kupoteza nyumba huhesabu vinywa, na posa ikibisha hodi wakati huo husikika kama rehema. Shule za kutwa za sekondari serikali hulipia masomo, hiyo ni kweli, lakini chakula cha mchana, sare, viatu na vitabu hubaki kwa mzazi, na hapo ndipo binti hukwama kabla ya kaka yake.

Hofu ya tatu ni ya mila. Kwa jirani zetu wa Narok, na sehemu za Baringo na Samburu, msichana akishakeketwa huhesabiwa kuwa mwanamke, na kutoka hapo hadi ndoa si mbali, ijapokuwa ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria tangu mwaka 2011. Tusijitoe sisi Waislamu katika hili, kwani kuna nyumba za Kiislamu zinazofanya hayo na kuyaita sunna.

Wala tusidhani hakuna lililofanyika. Narok yuko Agnes Pareyio, Mmasai, ambaye kwa miaka mingi alitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji akiwa na kielelezo cha mbao kuwaonyesha kina mama madhara ya ukeketaji. Mwaka 2002 alifungua Tasaru, nyumba ya kuwahifadhi wasichana wanaokimbia kisu na ndoa. Kilichotupendeza katika kazi yake si kule kuwapokea wasichana tu, bali ni kule kurudi kwa wazazi wao na kuwapatanisha, kwani msichana aliyeokolewa akabaki bila kwao ameokolewa nusu. Mwaka 2022 watu wa Narok Kaskazini walimchagua kuwa mbunge wao, watu walewale ambao baadhi yao walikuwa wakimfukuza. Samburu nako yuko Josephine Kulea, muuguzi, na taasisi yake ya wasichana. Hawa si wa dini yetu. Tumewataja ili tuone haya kidogo, maana misikiti tunayo, zaka tunayo, na vyuo tunavyo kila mtaa, nasi hatujafungua hata chumba kimoja cha kumlaza binti aliyekimbia usiku.

Kwa taifa zima hali imepungua. Mwaka 2014 wanawake 23 katika kila 100 wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18, na mwaka 2022 walikuwa 13. Alhamdulillah. Lakini anayeozwa Jumapili hii haozwi nusu.

Sasa tunafanya nini? Tutasema tunayoyafanya sisi, nanyi mchukue yanayowafaa. Tangu ile siku tuliyokwenda kumwona binti yule, hatusomi khutba kabla ya kuona cheti cha kuzaliwa. Kikikosekana, tunataka kitabu cha kliniki au barua ya shule, na vyote vikikosekana tunamwelekeza walii kwa Kadhi. Watu walitukasirikia mwanzoni. Tumeitwa msumbufu, na wengine walikwenda kwa mwenzetu asiyeuliza. Tunawaomba wenzetu maimamu tushikane katika jambo hili, kwani likikataliwa msikiti mmoja na kukubaliwa wa pili, tumefanya kazi ya kuwaongezea watu nauli tu.

Binti tunamwuliza kabla, wala si siku ya shughuli. Pilau ikishapikwa hakuna mwari anayeweza kusema hapana. Tunamtuma mwalimu wake wa chuo au mwanamke anayemwamini, akae naye mbali na wanaotaka harusi, amwulize anasoma gredi gani, anamjua huyo mume, anataka nini. Na hapa ndipo nyinyi, mama zetu, mnapotushinda sisi wenye vilemba. Posa haifiki kwetu ila imeshapita jikoni kwenu wiki tatu. Somo ndiye anayejua kama mwari analia usiku. Mwalimu wa chuo ndiye anayeona nafasi tupu kwenye jamvi. Mnapoona binti ametolewa shule ghafla, anapimwa nguo, au amepelekwa kwa bibi mashambani katikati ya muhula, msingoje kadi ya mwaliko.

Mwende kwa imamu. Imamu akilegea, mwende kwa chifu au afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na ikiwa ni usiku mpige 116, ambayo ni simu ya watoto na haina malipo. Tunajua lawama ya kumshtaki ndugu ni nzito, na wengine wataambiwa wamevunja ukoo. Ndiyo maana tunasema mwanzo iwe ni maneno ya wazee wawili au watatu wenye heshima kwa baba, wakiwa na jambo la kumpa mkononi pamoja na la kumkataza. Baba anayeozesha kwa ajili ya karo, mpelekeeni karo. Fakiri na maskini ni wa mwanzo katika mafungu manane ya zaka, na asiyeweza kumvisha binti yake viatu vya shule ni yupi kama si huyo? Tunagawa mchele na tende mwezi wa Ramadhani mpaka malori yanajaa, halafu mwezi wa Shawwal binti anaolewa kwa kukosa ada ya chakula cha shule.

Turudi kwa yule mama wa darasa. Siku ya tatu tulimtafuta. Binti alikuwa ni wake, ana miaka 14, na mposaji ni mfanyabiashara wa makamo anayejulikana kwa kutoa vizuri. Baba ndiye aliyekubali, na kwa hivyo hatukuwa na hoja ya ami na yatima. Tulikwenda kwake na kitabu cha Nawawi, tukamsomea yale ya Imamu Shafii. Alisikiliza kwa adabu, akasema tarehe imeshatangazwa.

Ndipo tulipofanya jambo ambalo tuliliogopa. Tulikwenda kwa binti yule tuliyemwoza wakati ule. Ni mwanamke wa miaka 42 sasa. Jeraha lake lilishonwa miaka mitano baadaye, maana ugonjwa ule una tiba na mama yeyote aliye nao asijifiche. Aliolewa tena kwa hiari yake, ana watoto wawili, na huuza viazi karai jioni. Tulimwomba, kama hatokereka, aende akazungumze na yule baba. Alinyamaza kitambo, hata tukadhani tumekosea mara ya pili. Kisha akasema, "Nitakwenda, Shekhe, lakini wewe usije."

Alikaa kule tangu baada ya Ishaa mpaka karibu na saa tano. Aliyoyasema hatukuambiwa wala hatukuuliza. Siku ya pili yake mabahasha ya posa yalirudishwa, na mposaji, tunamshukuru kwa hilo, hakugomba.

Binti yuko shule. Baba yake hajatusalimia tangu siku ile, na siku za Ijumaa huswali safu ya nyuma kisha hutoka kabla yetu. Ada ya chakula ya muhula huu imelipwa na watu wawili wa msikitini. Ya muhula ujao bado hatujaipata.